Kanda Tuliyoikataa Majumbani

Mwalimu wa kwaya yetu hakuwa mtu wa kupendeka. Ninalisema hilo mwanzoni kabisa, ili anayetafuta habari za mzee mpole aende kwingine. Alikuwa mkali, mbishi, mchoyo wa sifa, na alikuwa na tabia ya kumkatiza mtu katikati ya sentensi kana kwamba yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kujua sentensi inaishia wapi. Buhembe nzima ilimheshimu kwa mbali. Mimi nilimwogopa nikiwa mtoto, nikamchukia nikiwa msichana, na sasa ambapo nimeshampita mama yangu kwa umri, sijui nimweke fungu gani.

Siku hizi anatajwa na watu asiowajua. Kanda aliyoirekodi na kwaya yetu, miaka ile ukimwi ulipokuwa unatufagia, imeibuka mtandaoni. Kijana mmoja wa Dar aliinunua pamoja na redio mbovu kwenye meza ya mitumba hapa mtaani Bilele, akaisafisha sauti, akaipandisha, na watu wasiojua hata Bukoba iko upande gani wa ziwa wanaiita albamu kubwa iliyopuuzwa enzi zake. Niliyasoma maneno hayo nikiwa nimekaa katika duka langu la dawa, nikacheka peke yangu, na kilikuwa kicheko cha hasira. Nani alipuuza? Mtu anapuuza kitu ambacho hakikumgusa. Sisi tuliisikia vizuri sana ile kanda, tukaelewa kila neno, ndiyo maana tukaikataa.

Sauti yake mwenyewe ilikuwa mbaya. Watu hawaamini nikiwaambia. Ilikwaruza, na alizidi kuiharibu kwa kutafuna kahawa kutwa nzima, zile buni za kuchemsha na kukausha tunazompa mgeni akiingia ndani. Mfuko wa koti lake haukuzikosa. Waimbaji aliwakataza kabisa kuzigusa siku ya mazoezi, akidai zinakausha koo, huku yeye amesimama mbele yao shavu limevimba. Mama yangu, aliyekuwa mwanzishaji katika sauti ya kwanza, ndiye pekee aliyethubutu kumtania.

"Mwalimu, kwani koo lako ni la bati?"

"Koo langu halina kazi," alimjibu bila kutabasamu. "Mimi kazi yangu ni masikio."

Na masikio hayo ndiyo yaliyompeleka pabaya. Hakukosa msiba hata mmoja. Akisikia kuna aliyefariki, awe Mlutheri, Mkatoliki, hata mlevi wa rubisi asiyejulikana anasali wapi, aliacha jembe shambani akapanda baiskeli. Akifika hakai na wanaume kwenye moto. Alizunguka nyuma ya jiko, akasimama kwenye migomba, akawasikiliza wanawake wanavyolia. Kwetu mwanamke akilia msibani ana mpango wake. Anamwita marehemu kwa sifa zake, anamlalamikia kwamba amewaachia nani watoto, sauti inapanda na kushuka mahali ilipopanda na kushuka ya mama yake na ya bibi yake. Wageni walimwona Mwalimu amesimama kule peke yake wakadhani anasali. Mama alisema, "Yule hasali. Anaiba."

"Kilio kina ufunguo wake," alipenda kuwaambia waimbaji. "Mtu akilia nje ya ufunguo hafarijiki, anaambulia kuumwa kichwa." Alisema hivyo hata mbele ya wafiwa, bila aibu, kama fundi baiskeli anayemwambia mtu mnyororo wake umelegea.

Kuna siku alisimamisha mazishi. Jeneza lilikuwa limeshaanza kushuka, kamba ziko mikononi mwa wanaume, kwaya inaimba, na sauti ya tatu wakateremka kidogo. Mwalimu akapiga kofi moja. "Hapana. Turudie." Wanaume wakabaki wameshika kamba, jeneza linaning'inia, mchungaji ameachama, na Mwalimu akatoa sauti upya, do, mi, so, hadi wale wa tatu wakakaa sawa. Jioni wazee wa usharika walimwita wakamgombeza sana. Aliwajibu kwamba mtu anazikwa mara moja tu, na yeye hawezi kumzika kwa wimbo uliopinda. Mimi nilikuwepo pale kaburini nimeshika sketi ya mama, na nakumbuka mama alikuwa akitetemeka mwili mzima. Miaka yote nilidhani alikuwa analia. Shangazi ndiye aliyeniambia baadaye kwamba alikuwa amebanwa na kicheko.

Halafu mtu huyohuyo, aliyewahi kukataa kumpa mkono mwimbaji kwa sababu alionekana kwenye harusi ya dhehebu jingine, alikwenda mwenyewe hadi kijiji cha Kaagya kumbembeleza Mkatoliki. Ugonjwa ulikuwa umewachukua besi wetu, na kule Kaagya kulikuwa na mkulima wa kahawa, mtoto wa katekista, mwenye sauti ya kutikisa bati. Mke wa mkulima akauliza: huyu akiimba kwa Walutheri, Jumapili atakomunika vipi?

"Mama, mimi naazima koo," Mwalimu alimwambia. "Roho ibaki hukuhuku."

Walimkatalia. Akashinda kwenye kibanja chao akiwasaidia kuanika kahawa, akibishana nao jua lote, na ilipofika jioni walikuwa wamechoka. Yule mkulima akawa besi wetu.

Wazo la kanda lilizaliwa na hofu, wala hakulificha. Kwaya ilikuwa inapungua. Kila mazoezi benchi lilikuwa na nafasi mpya, na sisi tulijua maana yake bila kuuliza. Tulisema fulani anaumwa. Hatukusema anaumwa nini. Jioni moja Mwalimu alikuja kwetu, akakaa sebuleni na kahawa yake shavuni, akamwambia mama, "Hawa wameiimbia wilaya nzima. Nani atawaimbia wao?" Mama alikuwa ameshaanza kukohoa.

Basi akavichukua vile vilio alivyoviokota migombani kwa watu, akavipanga kwa sauti nne, kwa Kihaya, bila kinanda na bila ngoma. Walirekodi Kaagya, katika stoo ya yule besi, kwa sababu magunia ya kahawa yanakula mwangwi. Aliyekuja na mashine alikuwa fundi wa vipindi vya dini vya redio, na alipomaliza alifungasha vitu vyake haraka, macho mekundu, akisingizia vumbi. Mama aliimba ameketi juu ya gunia. Mke wa Mwalimu, mwanamke mtaratibu aliyeimba sauti ya pili na ambaye sikuwahi kumsikia akigombana na mtu, alimshikilia mgongo ili asikohoe katikati ya wimbo. Hayo niliyaona mwenyewe, maana nyumbani hakukuwa na mtu wa kubaki nami.

Wanaosema leo kwamba ni albamu kubwa hawakosei. Wimbo wa kwanza unaanza na mama peke yake. Anamwita mtu asiyemtaja jina, anamuuliza nyumba amemwachia nani, nani atawasha moto. Anaimba ubeti mzima hivyo, peke yake. Kisha sauti ya pili inaingia chini yake polepole, halafu ya tatu, na besi wa Kaagya anakuja mwisho kabisa, na nakumbuka alipoingia nilihisi gunia nililoegemea linatikisika. Hakuna mtu wa huku aliyewahi kukipanga kilio cha wanawake wetu namna ile, na sidhani yupo atakayekipanga tena, kwa sababu hata wanaojua kulia hivyo wamekwisha.

Lakini alikosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya. Vilio vile haviimbwi pasipo na maiti. Mtoto akicheza msiba uani, akavuta kilio kile kwa mzaha, anachapwa, kwa sababu anaita kifo. Mwalimu alilijua hilo kuliko sisi sote. Hata hivyo alipeleka kanda kwenye gulio, na mwenye duka la redio akaiweka kwenye spika ya mlangoni. Mwanamke mmoja alikuwa pale anachagua ndizi, na mwanawe yuko nyumbani kitandani. Akaziacha ndizi akaja hadi mlangoni.

"Nani amefariki?"

"Hakuna, mama. Ni kanda mpya."

"Kama hakuna, mnamwita nani?"

Mwenye duka akazima. Hakuiwasha tena, na habari ikatembea. Fikiria mwenyewe: kila nyumba ina mgonjwa chumbani, anasikia kila kitu kwa sababu kuta zetu ni za udongo na dari hakuna. Nani angeingia na ile kanda ndani? Ni sawa na kununua sanda na kuikunjua mgonjwa akikutazama. Kuna walioichukua kwa kumheshimu Mwalimu, wakaificha chini ya mtungi, wengine wakarekodi mahubiri juu yake. Wazee wa usharika walisema amepeleka kilio sokoni. Yeye akawajibu jibu alilolirudia hadi uzee wake: "Nimekosea saa, sikukosea wimbo."

Akasubiri saa yake, na saa ikafikia nyumbani kwetu. Mama alifariki mvua za vuli zilipoanza. Tulitandaza majani sebuleni kama ilivyo desturi, tukamlaza katikati, na wanawake wakakaa kumzunguka. Kwaya iliyobaki haikutosha hata kugawana sauti. Mwalimu akaingia amebeba redio kaseti, hakumsalimia mtu, akaiweka majanini karibu na kichwa cha mama, akawasha. Sauti ya mama ikatoka.

Nilimtazama mdomo. Nilikuwa mtoto, na mtoto akisikia sauti ya mama yake anamtazama mdomo. Wengine nasikia walipiga mayowe, wengine walikimbilia nje. Mimi sikumbuki hayo. Nakumbuka mdomo wake haukwenda pamoja na maneno.

Bibi yangu, mama yake mama, akanyanyuka. Hakujua redio inazimwaje. Aliinyanyua hivyohivyo ikiimba, akatoka nayo, na sisi tuliobaki ndani tukaisikia sauti ya mama inapita mlango wa mbele, inazunguka nyumba, inaingia migombani, inakwenda chini kwenye bonde, hadi mjomba alipomkimbilia bibi akachomoa betri. Bibi aliporudi alisimama mbele ya Mwalimu, miguu imejaa tope.

"Mwalimu waitu," alimwambia kwa heshima ya Kihaya, na hakupandisha sauti, "mimi ndiye niliyepaswa kumlilia. Wewe umemfanya anililie."

Mwalimu alichukua redio yake akaondoka. Kuanzia siku hiyo ile albamu ikaitwa kanda ya wafu, na waliokuwa wameificha waliitupa chooni. Msimu wa kahawa uliofuata alifariki mke wake. Nilikwenda na shangazi kuzika. Hapakuwa na kwaya, na yeye mwenyewe, mtu aliyesimamisha jeneza la wenzake kwa ajili ya wimbo, alimzika mkewe kimya tupu, koleo na udongo tu. Kisha akahamia Muleba, kwenye kibanja alichokuwa nacho huko. Usharika ukanunua kinanda.

Dawa za ugonjwa ule zilikuja, na waliokuwa wakizihitaji walikuwa wameshazikwa migombani. Nikakua, nikaolewa, nikafungua duka. Mwalimu alikuwa akija Bukoba kwa shughuli zake na kupitia kwangu kununua dawa za presha. Hakuwahi kuniuliza habari za watoto wangu. Aliweka mkono kwenye kaunta, akaniuliza jambo lilelile: "Utakuja lini tusikilize? Nakala moja ninayo."

"Bado, Mwalimu."

Ilinikera. Kuna siku nilimjibu vibaya, mbele ya wateja, nikamuuliza mbona asiisikilize mwenyewe huko Muleba na betri zake. Akavumilia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akangoja wateja watoke.

"Nimewauliza watoto wa wanakwaya wote," alisema. "Wa besi, wa sauti ya tatu, wote. Nataka mmoja tu wa nyumba zile aisikilize hadi mwisho, halafu aniambie kama nilifanya dhambi. Mchungaji hawezi kunijibu. Hana mtu mle."

Niliendelea kumwambia bado. Mwishowe akaacha kuja, nikasikia miguu imemkatalia.

Kwa hiyo, kanda ilipoibuka mtandaoni, nilikwenda Muleba. Nilijiambia nakwenda kumpa habari njema, na pia nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kusema bado. Nilimkuta barazani, amekuwa mdogo, amefunikwa blanketi mchana wa jua. Mkwe wake alinitolea kahawa za kutafuna. Yeye hakugusa, hakuwa na meno.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeshazeeka na wewe."

Nikamsomea sifa zake. Mmoja ameandika kwamba hajawahi kusikia sauti kama hizi. Mwingine anaiweka akipika. Mwingine anasema inamtuliza, kila siku anaisikiliza hadi usingizi unamchukua.

"Wanailalia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hawana mtu mle," alisema. "Ndiyo maana wanaweza. Ulikuja kunisomea au kusikiliza?"

"Nimekuja kusikiliza."

Niliiweka simu kwenye meza katikati yetu, nikagusa. Mama akaanza.

Nilikuwa nimejiandaa kumsikia mama. Sikujiandaa kumsikia msichana. Ilikuwa sauti ya mtu mdogo kuliko mimi kwa miaka mingi, mtu ambaye angeingia dukani kwangu ningemwita binti. Alimuuliza yule mtu asiyemtaja jina nyumba amemwachia nani. Nami nauza dawa za kifua, kazi yangu ni kusikiliza vifua vya watu wakiwa wamesimama kaunta, na katikati ya mstari na mstari niliisikia pumzi yake inavyovutwa, nikajua kile ni kifua cha namna gani na kimebakiza muda gani. Yeye alikuwa hajui bado. Au alijua, akaimba. Aliuliza nani atawasha moto, na ubeti ukawa unaelekea mwisho.

Nilizima.

Nilipoinua macho, Mwalimu alikuwa ameinuka nusu kutoka kitini, blanketi limeanguka, mkono wa kulia uko juu, vidole vimekunjika kidogo, kama kiongozi anayemwita mwimbaji aingie. Mkono ulibaki hewani muda. Kisha akaushusha akauweka gotini.

"Mke wangu anaingia hapo," alisema. "Sijamsikia tangu tumzike. Peke yangu siwezi, nimejaribu."

Miaka yote ile kwenye kaunta sikuwahi kufikiri kwamba naye ana mtu mle. Nilisema, "Naweza kuwasha tena, Mwalimu."

"Unaweza?"

Niliitazama simu. Alinisubiri. Hakunikatiza.

"Siwezi," nikasema.

"Basi bibi yako alikuwa sahihi."

Nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka kumwambia kwamba wimbo ni mzuri kupita kiasi, kwamba makosa ni yetu, lakini nilikuwa nimezima mwenyewe, kwa kidole changu, mbele yake, na hakuna neno ambalo lingefuta hilo. Mkwe akaleta matoke na samaki, tukala.

Nilipoaga aliomba fimbo yake, akanisindikiza mwendo wake wa kuburuta hadi barabarani, akinieleza jinsi mnyauko ulivyomaliza migomba yote ya upande wa chini na jinsi vijana hawataki kung'oa mashina. Alisimama nami hadi gari lilipokuja. Kwetu mgeni hasindikizwi bila kuambiwa karibu tena, hata mgeni uliyemchoka. Alinipa mkono bila kulisema hilo, akageuka, akaanza kurudi kwake.